Barua Isilale Katika Droo: Chama cha Msingi na Gharama za Kuwasomesha Vijana Vyuoni

Hotuba ya mkaguzi wa vyama kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi, jijini Mwanza. Inachapwa hapa kwa faida ya vyama ambavyo wajumbe wake hawakuweza kuhudhuria.



Mmezoea kuniona nikisimama mbele yenu kwa habari ya mizani, stakabadhi na daftari la fedha taslimu. Najua pia kwamba wako wengine ambao, wanionapo nikishuka katika pikipiki mbele ya ofisi ya chama, hukumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Leo msiwe na wasiwasi. Sikuja kukagua. Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo halimo katika fomu yangu ya ukaguzi, lakini ambalo kila mwaka huniuliza wanachama wengi kuliko bei ya pamba: mtoto amefaulu, amepata nafasi chuoni, fedha zitapatikana wapi?

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwishoni mwa miaka ya 1990. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mwanachama wa chama cha msingi. Kijijini petu hapakuwa na sanduku la posta ila la chama, na barua za watu wote zilifikia hapo. Niliomba nafasi katika chuo kimoja cha ufundi, nikakaa nikingoja. Siku moja baba alikwenda ofisini kuuliza malipo yake ya pamba, na katibu alipovuta droo kutafuta daftari, akaiona bahasha yenye jina langu. Nilikuwa nimepata nafasi. Tena barua ilieleza kwamba mwanafunzi asiyeweza kulipa ada yote aandike mapema kuomba apunguziwe. Lakini siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imepita kwa siku kumi na tisa, na nafasi alikwisha pewa mwingine.

Katibu yule hakuwa mtu mbaya. Hakuiba kitu. Aliona tu kwamba barua ile si kazi ya chama. Msimu uliofuata ni yeye huyo huyo aliyenipa kazi ya karani wa mizani, na mpaka leo sijui kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa majuto. Kutoka kwenye mizani ile ndipo nilipoanza safari iliyonifikisha hapa. Sinung'uniki. Ila kila niingiapo katika ofisi ya chama, jicho langu la kwanza hutazama droo.

Ndugu wanachama, neno langu la leo ni moja. Watoto wetu wengi hawakosi chuo kwa sababu fedha hazipo kabisa. Wanakosa kwa sababu habari imechelewa, karatasi imepungua, au mzazi amekwisha tumia fedha za pamba kabla ya siku ya kuzihitaji. Na mambo hayo matatu, yaani habari, karatasi na majira ya fedha, ndiyo hasa kazi ya katibu wa chama.

Mzigo umehama

Zamani mzigo wa mzazi ulikuwa katika sekondari. Tangu Januari 2016 ada imefutwa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023 imefutwa pia katika kidato cha tano na sita. Kwa hiyo vijana wengi zaidi wanafika kwenye mlango wa chuo, na pale ndipo mzazi anapokutana na hesabu ambayo hakuizoea.

Aghalabu mzazi anaposikia neno chuo huwaza Dar es Salaam. Yafaa kwanza atazame karibu. Katika mkoa wetu viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: Sengerema, Karumo na Malya. Vyuo vya aina hii vilianzishwa nchini mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ili mtu wa kijijini apate ujuzi bila kulihama shamba lake milele. Kiko chuo cha VETA hapa Mwanza. Kiko chuo cha kilimo Ukiriguru, na chuo cha uvuvi Nyegezi. Kwa jirani zetu wa Shinyanga kiko Kizumbi, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambako kijana anaweza kujifunza hesabu na uongozi wa vyama kama hivi vyetu. Kijana anayesoma karibu, akalala kwa shangazi yake, huenda akamaliza masomo kwa gharama ambayo mwenzake aliyekwenda mbali ameitumia kwa nauli na pango tu.

Milango ya fedha

Sasa nitaitaja milango ya fedha iliyopo, na naomba makatibu mwandike.

Mlango wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kwa miaka mingi Bodi hii ilikopesha hasa wanaosoma shahada. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/2024 imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu wa sayansi na hesabu, na kilimo na mifugo. Habari hii bado haijafika vijijini vyote. Msimu uliopita nilikuta mzazi ameuza ng'ombe wawili kumlipia binti yake stashahada, na alipoulizwa kama aliomba mkopo, akajibu kwamba mkopo ni wa watu wa chuo kikuu. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika.

Hapa niseme wazi: mkopo si zawadi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe, na aliyejiajiri naye anapaswa kulipa. Mzazi na kijana waelewe hivyo tangu mwanzo, kama vile mkulima anavyoelewa kwamba mbegu na dawa alizokopeshwa zitakatwa kwenye pamba.

Mlango wa pili ni ufadhili usiolipwa. Tangu mwaka 2022 Serikali inatoa ufadhili uitwao Samia Scholarship kwa wanafunzi waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Kadhalika Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za masomo zinazotolewa na nchi rafiki, kama China na Hungaria. Nafasi hizi ni chache na wanaozitaka ni wengi, lakini asiyeomba hana hata hizo chache.

Mlango wa tatu ni mafunzo ya ufundi yanayogharimiwa na Serikali chini ya programu ya kukuza ujuzi kwa vijana. Nafasi hizo hutangazwa kwa muda mfupi, tangazo hubandikwa wilayani, kisha huondolewa. Mlango wa nne ni SACCOS, kwa wale waliojiwekea akiba. Na mlango wa tano ni chama chenyewe, ambao nitaueleza mwishoni.

Karatasi

Ndugu makatibu, ninyi mnajua kwamba malipo yasiyo na stakabadhi hayahesabiwi. Bodi ya Mikopo nayo ni hivyo hivyo. Haiwezi kumwona mwombaji akiwa shambani. Inaiona karatasi yake.

Nitatoa mifano miwili ambayo nimekutana nayo katika vijiji vya kandokando ya ziwa.

Kijana wa kwanza aliandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu yake, kama ilivyo kawaida kwetu. Baadaye, cheti cha kuzaliwa kilipokatwa, kikaandikwa jina la baba. Nyumbani hakuna aliyeona tofauti, kwani ni ukoo mmoja. Lakini katika maombi, vyeti viwili vyenye majina mawili ni vya watu wawili. Ilimpasa atafute hati ya kisheria ya kuyaoanisha majina hayo. Alipoipata, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Amepoteza mwaka mzima kwa sababu ya neno moja.

Kijana wa pili ni binti. Baba yake alizama ziwani akivua dagaa. Kijiji kizima kilikwenda msibani, na mimi nilikuwapo. Yatima hupewa kipaumbele katika mikopo, kama wanavyopewa wenye ulemavu na wale wanaotoka katika kaya zinazohudumiwa na TASAF. Lakini kifo kile hakikuandikishwa popote. Mbele ya jirani zake binti yule ni yatima, na mbele ya karatasi baba yake yu hai na ana uwezo wa kulipa ada. Mama alikuwa na huzuni, hakufikiri habari za cheti, na sisi tuliokaa matanga siku tatu hakuna aliyemkumbusha.

Mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo bila cheti huisha hivyo hivyo.

Kwa hiyo napendekeza kila chama kiwe na Daftari la Vijana. Ni daftari la kawaida la mistari. Kila mwanachama mwenye mtoto aliye kidato cha tatu na kuendelea aandikwe, na mbele ya jina la mtoto ziwekwe safu hizi: majina kamili kama yalivyo shuleni, majina kama yalivyo katika cheti cha kuzaliwa, kama cheti kimehakikiwa na RITA, kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kipo au hakipo, kama ana ulemavu, amekwisha onana na mganga au bado, kama kaya iko TASAF, namba yake. Katibu akiona majina hayalingani kijana akiwa kidato cha tatu, muda wa kurekebisha upo. Akiona siku tatu kabla ya dirisha kufungwa, kilichobaki ni kuomboleza.

Majira ya fedha

Sasa tutazame kalenda, kwa kuwa mkulima huishi kwa kalenda.

Soko la pamba aghalabu hufunguliwa Mei, na fedha huwa mikononi mwa watu Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya maombi ya vyuo na maombi ya mikopo. Uhakiki wa vyeti una malipo yake, maombi ya mkopo yana malipo yake, na ni fedha kidogo ukilinganisha na ada. Lakini sisi miezi hiyo tuna harusi, tuna bati, tuna pikipiki. Kisha vyuo hufunguliwa yapata Oktoba, wakati mifuko imekwisha kukauka na tunasubiri mvua. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa, au shamba hukodishwa kwa mlanguzi.

Namwomba kila katibu, siku ya malipo ya kwanza ya pamba, kabla ya kuita jina la kwanza, asimame awaambie wanachama: mwenye mtoto wa kwenda chuo mwaka huu atenge fedha za karatasi leo. Maneno hayo hayagharimu chama hata senti moja.

Pia aonye juu ya matapeli. Siku hizi hutumwa ujumbe katika simu: umepata ufadhili ng'ambo, tuma fedha za usajili kwa namba hii. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, wala hayatumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Anayetaka fedha kwa njia hiyo ni mwizi, hata kama anaongea kwa adabu.

Ufadhili huacha pengo

Jambo hili si geni katika historia ya ziwa letu. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga katika ziwa hili hili upande wa Kenya, alipata vyuo vya Marekani vilivyokuwa tayari kuwapa vijana wa Afrika Mashariki nafasi za masomo. Lakini nafasi haina mabawa. Vijana walikuwa na barua za vyuo na hawakuwa na nauli. Ikabidi Wamarekani wenye moyo mwema wachangie ndege, miongoni mwao Jackie Robinson, mchezaji maarufu, na huku nyumbani ndugu na wanavijiji wakachangishana fedha za matumizi na nguo. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Na sisi wana ushirika tunaye wa kwetu. Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda hii mpaka kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955, alipata nafasi ya kwenda kusoma ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyojifunza yalirudi katika mizani za wakulima.

Funzo ni kwamba ufadhili au mkopo, hata uwe mkubwa namna gani, huacha pengo. Bodi hukopesha kwa kadiri ya uhitaji wa mwombaji, na si kila mtu hupewa yote. Fedha za kwanza pengine hufika wakati mwanafunzi amekwisha kaa chuoni majuma kadhaa. Katika majuma hayo anahitaji nauli ya basi au ya meli, godoro, chakula, na sehemu ya ada ili asajiliwe. Vijana wetu hukwama hapo. Si kwenye milioni, bali kwenye laki mbili za mwanzo.

Mfuko wa elimu wa chama

Pengo hilo ndilo la chama. Wale wafumaji wa Rochdale walioanzisha duka lao la ushirika Uingereza mwaka 1844 walifikia kutenga asilimia mbili na nusu ya faida yao kwa elimu. Elimu imebaki kuwa moja ya kanuni saba za ushirika duniani.

Tuchukue mfano. Chama kinachokusanya kilo 200,000 za pamba, kikitenga shilingi 5 kwa kila kilo kutoka katika ushuru wake, kitapata shilingi 1,000,000. Hizo ni mikopo minne ya shilingi 250,000, inayotolewa Oktoba na kurejeshwa na mzazi katika pamba ya msimu unaofuata. Mwaka wa pili fedha zile zile zinawasaidia wengine wanne, na nyongeza yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini hapa hapana budi nirudie kazi yangu ya ukaguzi, kwa sababu mfuko usiolindwa ni kishawishi. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta mfuko wa elimu wenye mikopo minne. Mitatu ilikwenda kwa wajumbe wa bodi. Kati ya hiyo, mmoja ulikuwa wa kijana ambaye hakuwa katika chuo chochote duniani. Nilipowauliza wanachama nje ya ofisi, wengi hawakuwa na habari kwamba mfuko upo. Mama mmoja mjane aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mkaguzi, hata mimi ningeweza kuomba?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa mwanawe alikuwa amekwisha kwenda kubeba samaki mwaloni.

Niliandika taarifa, ikasomwa katika mkutano mkuu, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi. Ilikuwa siku ngumu. Fedha za wawili zilirudi kabla ya msimu. Za wa tatu bado tunazidai.

Kwa hiyo mfuko uwe na masharti yafuatayo. Kwanza, upitishwe na mkutano mkuu wa wanachama na uwekwe katika makisio yanayoidhinishwa na Mrajis. Bodi isijitungie yenyewe. Pili, kiwango cha juu cha mkopo kijulikane, ili mmoja asimalize mfuko. Tatu, mjumbe wa bodi ambaye mtoto wake ni mwombaji atoke nje wakati maombi yanajadiliwa, na itolewe kumbukumbu kwamba alitoka. Nne, sehemu ya ada ilipwe moja kwa moja kwa chuo, na stakabadhi ifungwe katika jalada. Tano, binti na mvulana wahesabiwe sawa, na mjane asitakiwe kuleta mdhamini mwanamume. Sita, orodha ya waliokopa na waliorejesha ibandikwe ukutani na kusomwa kila mkutano mkuu. Mtu asiyetaka jina lake lisomwe asikope fedha za wenzake.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Zamani barua ilikuja katika sanduku la posta, na leo tangazo huja katika simu na kompyuta. Makatibu wengi mna simu hizo, na mnazitumia kupeleka taarifa za chama katika mfumo wa Tume. Lakini droo ingalipo. Tangazo lililosomwa na katibu peke yake na kufungwa ni sawa na bahasha ile yenye jina langu. Libandike mlangoni. Lisome kwenye mizani. Mtume mtoto wa jirani akamwambie mzazi aliye ng'ambo ya mto.

Nitakapokuja msimu huu kukagua, nitaomba kama kawaida daftari la fedha, daftari la mali na daftari la wanachama. Kisha nitaomba na Daftari la Vijana. Halimo katika fomu yangu, na sina mamlaka ya kumwadhibu asiyekuwa nalo. Nitaliomba hata hivyo.